Uzi: Nataka kuingia polisi wa akiba na nina kazi, mke na watoto. Walio ndani nipeni ukweli

BabaSwafiya
Assalam alaykum wanajamvi, naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu. Naishi Hindi huku Lamu, kazi nafanya Amu mjini, ni kazi ya kuajiriwa, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja na Jumamosi nusu siku, bado hapo sijahesabu boda mpaka Mokowe na boti ya kuvuka. Nina miaka 33, mke, watoto wawili na wa tatu yuko njiani, na mamangu ana sukari anakaa na sisi. Juzi kwenye baraza chifu alisema wanatafuta watu watulivu wa kujaza nafasi za NPR, yaani polisi wa akiba, maana wengine wamezeeka na wengine wamehama, nikaona wazee kama watatu wamenigeukia, nikajua hapa naitwa.

Na mimi nataka. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia nimelazimishwa. Juni 2014 ilipopigwa Mpeketoni watu zaidi ya 60 wakauawa nilikuwa kijana, Julai ikaja hapa kwetu Hindi, na nakumbuka vile tulikuwa tunalala vichakani na watoto wa dada yangu tumewaziba midomo wasilie. Sitaki wanangu waone hayo halafu waniulize baba ulikuwa wapi.

Ila kazi siwezi kuacha, ndio inayolisha watu saba. Mke hajakataa lakini hajakubali, amenyamaza tu. Bosi sijamwambia. Walio na ajira na wako NPR mnaishije? Usiku doria asubuhi ofisini inawezekana kweli ama ni maneno tu?

Kijana_Kiunga
Kaka kwani si heri usubiri KDF, jeshi la Kenya, nimesikia wana jeshi la akiba pia, unaenda mara moja moja na unabaki na kazi yako

Mwenyeji_Witu
Kijana Kiunga, sheria ya KDF ya 2012 inataja akiba ndio, lakini lile zoezi la kuandikisha mnaloliona uwanjani kila mara ni la jeshi la kudumu, na makurutu wa kawaida wanachukuliwa kuanzia miaka 18 hadi 26. BabaSwafiya ana 33. Kwa mtu wa umri wake mwenye mji wake hapa Lamu kitu kilichopo mkononi ni NPR, basi tujibu hilo.

BabaSwafiya ndugu yangu, waalaykum salam. Mimi niko ndani miaka mingi sasa na mchana nashika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hivo unalouliza naliishi. Hii zamani ndio KPR, imeanza 1948 enzi za mkoloni kusaidia polisi wa kawaida, sai ni NPR chini ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Sheria yenyewe inasema ni mtu wa kujitolea, mkaazi, ametimiza miaka 18, tabia njema, hana rekodi ya uhalifu. Hilo neno kujitolea lishike sana. Kikija cha kufuta jasho sema alhamdulillah, lakini ukishakiweka kwenye hesabu ya karo na unga umejitafutia presha.

Sasa nikwambie usiku wenyewe unavokwenda. Baada ya isha nakuwa kituoni, naletewa silaha, namba yake inaandikwa kwenye kitabu, risasi zinahesabiwa mezani moja moja mbele yangu, natia sahihi. Alfajiri zinahesabiwa tena, natia sahihi ya kurudisha, natoka mikono mitupu. Nyumbani kwangu haiingii. Wako wenzetu wa vijiji vya ndani kule wanaokaa nazo kwa sababu kituo kiko mbali na hilo nalielewa, lakini wewe uko Hindi, kituo kiko karibu, na una watoto. Tangu siku ya kwanza mwambie OCS yako, yule mkuu wa kituo cha polisi, silaha ilale kituoni. Mtoto wa miaka minne anajua juu ya kabati, anajua chini ya godoro, anajua ndani ya pipa la mchele, nyumba zetu hizi hakuna pa kumficha mtoto kitu.

Halafu usingizi. Watu wanaulizia risasi na Al-Shabaab, hakuna anayeulizia usingizi, na mimi nakwambia usingizi ndio utakaokuvunja kabla ya kitu kingine chochote. Nikitoka zamu naswali alfajiri, nalala, saa tatu niko dukani. Tumekubaliana na bosi kuwa asubuhi ya baada ya zamu siingii saa mbili naingia saa tatu, hiyo saa nailipa jioni, na siku hiyo sipandi ngazi ya stoo wala sishiki usukani wa pikapu. Hayo tumeyaandika. Mwezi wa Ramadhani ni mgumu zaidi manake daku, zamu, kazi, taraweh, mwili unaomba msamaha, hapo tunabadilishana wenyewe kwa wenyewe mapema, wenzetu Wakristo wanatubebea siku zile za kumi la mwisho na sisi tunawabebea Krismasi na Pasaka. Hilo halikuandikwa na serikali, tulilipanga sisi na limeshika.

Mengine ya doria, wapi na saa ngapi, hapa sisemi na wewe ukiingia usiseme popote, hata kwa shemeji yako.

MlindiAsili
Mimi niko Malindi huku kwetu mambo ni tofauti kidogo na nyinyi, lakini swali langu ni moja. Mtu anajitolea bila mshahara, akiumia nani anamtibu? Akifa je? Msimpeleke kijana wa watu kwa maneno matamu ya uzalendo. Wanawe watakula uzalendo?

Mwenyeji_Witu
MlindiAsili swali lako ni la haki na sitalikwepa. BabaSwafiya kaa nalo hili. Kazini kwako ukiumia kuna ile sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 wanayoiita WIBA, mwajiri anawajibika. Lakini ukiumia kwenye doria usiku hukuwa kwenye kazi ya mwajiri wako, hapo bosi hana deni lako. Kwa hivo kabla ya kutia sahihi muulize OCS, ikiwezekana kwa barua na ujibiwe kwa barua: nikiumia nikiwa zamu natibiwa wapi na kwa gharama ya nani, nikifa familia inafuata ofisi gani na makaratasi gani. Nakala moja mpe mkeo, moja mpe mtu wa upande wako unayemwamini. Na michango yako ya SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisha haijakatika na mke na watoto wameandikwa ndani, manake wengi wanakatwa ile asilimia 2.75 kila mwezi na familia haiko kwenye mtambo, wanakuja kujua siku ya hospitali. Mwenye sacco aangalie pia nani ameandikwa mrithi.

MamaTwalib
Mimi ni mke wa mmoja wao. Nimesoma yote nikaona wanaume wanajibizana na hakuna aliyeuliza kwa nini mke wa BabaSwafiya amenyamaza, basi nitamsemea kidogo kwa sababu na mimi nilinyamaza hivo hivo.

Mdogo wangu, mwanamke akinyamaza anapiga hesabu. Anahesabu maji nani atateka, mama yako nani atampeleka kliniki, mtoto akishikwa na homa saa nane usiku na wewe simu imezimwa nani atagongewa mlango. Na sai ana mimba, anahesabu uchungu ukimshika usiku wa zamu atafika vipi hospitali. Hakwambii kwa sababu anaogopa utaona anakuzuia kulinda watu, na yeye mwenyewe anataka mlindwe.

Kwetu tulifanya hivi. Mume wangu alipoleta habari nilimwambia kaa chini, nikatoa ile kalenda ya ukutani ambayo maduka yanagawa Januari, nikamwambia taja kila kitu unachofanya katika nyumba hii kwa wiki nzima. Akaanza, mtungi wa gesi, maji, kumpeleka Twalib madrasa, kumpeleka mama yake kliniki, kufunga mbuzi, kulipa tokeni za stima, kukaa na wanangu nikikanda mahamri ya kuuza maana mimi nakanda usiku nauza asubuhi. Ikawa orodha ndefu mpaka yeye mwenyewe alishangaa. Halafu kila kimoja tukakitilia jina la mtu atakayekifanya usiku wa zamu na asubuhi yake. Maji akapewa mdogo wangu. Madrasa tukaongea na jirani, wanawe na wetu wanaenda pamoja. Kliniki tukaiweka siku ambazo hana zamu usiku wake. Mahamri nikapunguza siku, na hiyo ni hela iliyotoka mfukoni mwangu, tukakubaliana ataifidia kwa kuacha mambo yake mengine. Usiku wa zamu natia wino mwekundu, siku ya kliniki wa buluu, na kalenda iko jikoni pale kila mtu anaiona, hata mama mkwe ambaye hasomi anajua rangi.

Yule mamako mwenye sukari, kama anadunga insulini, nakusihi jifunzeni nyinyi wawili wote, na mtu wa tatu nje ya nyumba pia ajue. Stima ikikatika usiku na wewe hupo mkeo awe anajua dawa ikae wapi. Sisi tunaifunga vizuri kwenye mfuko isiingie maji tunaitia kwenye chombo ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, unabaki na ubaridi wake. Na ajue dalili za sukari ikishuka, jasho, kutetemeka, kusema ovyo, ampe kitu cha sukari hapo hapo kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, asingoje asubuhi.

Boda wa usiku mtafute mmoja mwenye moyo, mwambie ukweli, mpe namba ya mkeo na umlipe kitu kidogo hata mwezi ambao hakuitwa. Wetu ameitwa mara nyingi na hajawahi kusema hapana.

La mwisho ndio gumu zaidi na hakuna aliyeniambia mapema. Watu wanabadilika. Nilikuwa nikifika kisimani mazungumzo yanakatika. Kuna waliosema mume wangu anauza majina ya vijana. Mwanangu aliambiwa shuleni babako mpelelezi akarudi analia. Hapa kwetu kuna familia zilizochukuliwa watoto wao wakahojiwa na wengine bado wana machungu, siwalaumu, lakini mzigo ule unamwangukia mke na watoto zaidi kuliko mwenye bunduki. Mume wangu alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wazee, akakaa nao barazani bila sare, akawaeleza atafanya nini na hatafanya nini. Ikapungua. Haikuisha. Muulize mkeo kama yuko tayari kwa hilo na umsikilize akijibu.

BabaSwafiya
Bi MamaTwalib shukran sana, nimempa mke wangu simu asome mwenyewe. Amesoma mara mbili kisha akaniambia "huyu mama ni nani". Tumekaa mpaka saa sita tunaongea. Alichokuwa amekishika moyoni ni kujifungua, kama ulivosema hasa.

Bado bosi. Naogopa nikimwambia ataniona mzigo anitafutie sababu ya kuniondoa.

Tajiri_wa_Langoni
Naandika kama mwajiri, nina wafanyakazi sita na mmoja wao ni NPR. Kijana, ukimficha bosi wako atajua tu, Amu hii ni ndogo, atasikia kwa mwenye punda anayembebea mizigo kabla hujafika ofisini, na siku utakayosinzia mezani ataona umemdanganya. Nenda mwenyewe, si kwa simu, na uende na karatasi. Karatasi iseme zamu ni ngapi kwa mwezi, ratiba utampa lini, na kazi yako ya asubuhi ya baada ya zamu itafidiwaje. Mimi wangu ananiletea ratiba kabla mwezi haujaanza, ikibadilika ananipigia, na kwa sababu hiyo hata tukiwa na mzigo wa kupakua nampangia vizuri. Tatizo langu halikuwa yeye kutokuwepo. Lilikuwa kutojua lini hatakuwepo, na likaisha na ratiba.

Pia jua haki yako usije ukaigawa yote kwa wema. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku isizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka, siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na wiki mbili za baba mke akijifungua. Nimeona vijana wanatumia likizo yote kwenye mafunzo na doria, mwaka unaisha mke hajamuona mume mchana hata wiki moja. Sehemu ya likizo ikate uiweke kando iwe ya nyumba, usiiguse. Na ile siku moja ya kupumzika waambie wenzako wa NPR mapema kuwa usiku wake siingii zamu.

Lakini sitakudanganya, si waajiri wote wako kama mimi, na hapa Kenya sijaona mwajiri mdogo akibanwa kwa ajili ya mtu wa NPR. Unategemea maelewano. Ndio maana nasema karatasi.

Mtoka_Shela
Salaam kutoka Marekani, mimi ni mtoto wa Shela, niko National Guard, jeshi la akiba la huku, na nina kazi ya ghala pamoja na familia, nimeona niseme kidogo manake mambo yanafanana na hayafanani. Huku mpango wa kawaida ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, mwanzo kuna mafunzo ya kama wiki kumi uko mbali na nyumba halafu ya fani yako juu yake, na mkataba wote kwa jumla ni miaka minane hata kama sehemu yake unakuwa umeorodheshwa tu. Kuna sheria ya 1994 inaitwa USERRA, mwajiri hawezi kukufukuza kwa sababu umeitwa na lazima akurudishe kazini, mpaka jumla ya miaka mitano ya utumishi. Na unalipwa.

Sasa na sheria yote hiyo, wenzangu ndoa zimewavunjikia. Ile wikendi moja haiwi moja, kuna simu za jioni, kuna mazoezi ya mwili, kuna kupasi sare Ijumaa watoto wanataka kucheza na wewe, na ukiitwa kweli unaondoka miezi. Sheria inalinda kiti chako cha kazini, meza ya chakula cha jioni hailindwi na sheria yoyote. Kwa hivo MamaTwalib na kalenda yake, ningependa kila kikosi huku kipate mtu kama yeye. Mke wangu naye tulianza hivo hivo baada ya kusoma ujumbe wake, nasema kweli.

Jambo jingine. Januari 5, 2020 kambi ya Manda ilipovamiwa Wamarekani watatu wakafa, huku kikosini kwetu watu waliniuliza Lamu ni wapi, na mimi mamangu alikuwa upande wa pili wa maji anasikia milio. Walinzi wa nyumbani kwetu ni nyinyi. Mwenyeji Witu, mume wa MamaTwalib, Mungu awahifadhi.

MlindiAsili
Nimesoma. Bado nasema serikali iwalipe na iwatibu, na nitaendelea kusema hivo kwenye kila baraza manake mtu hafai kulinda nchi kwa hela za mahamri ya mkewe. Lakini BabaSwafiya nimekuelewa kwa nini unataka. Kama uko Hindi na ulilala vichakani 2014 sina la kukufundisha.

MamaTwalib
MlindiAsili hapo umesema kweli tupu na mimi niko nyuma yako. Wakilipwa hata nauli ya kliniki na chakula cha zamu nyumba nyingi zitapumua. Tuseme pamoja bila kuwavunja moyo walio kwenye zamu usiku huu.

BabaSwafiya
Wanajamvi nawaletea tulipofika. Nimekwenda kwa bosi leo na karatasi kama alivosema Tajiri, kanisikiliza, kaniuliza maswali mengi hasa ya asubuhi ya baada ya zamu, mwisho akasema atanipa jibu la maandishi lakini hakuna ubaya alioonyesha. Na nyumbani tumekubaliana siingii sasa. Mke ajifungue kwanza, zile wiki mbili nikae naye, shemeji yangu wa Witu atahamia kwetu, ndipo nichukue fomu. Nimekwenda kumwambia chifu mwenyewe, akasema nafasi itangoja na kama haingoji itakuja nyingine. Mama naye ameanza kumfundisha mke wangu kudunga, na mimi najifunza kesho.

Lililobaki nikienda kuchukua fomu niende na nini, na je kuna hela ya kutoa? Maana kuna mtu sokoni ameshaniambia anaweza "kunisaidia" nafasi isipotee.

Mwenyeji_Witu
Huyo wa sokoni mkwepe. Hakuna hela ya kumpa mtu yeyote, si fomu si nafasi, na akirudi tena mwambie OCS jina lake. Wewe nenda na kitambulisho, cheti cha tabia njema kianze kukitafuta sasa kwa sababu kinachukua muda, barua ya chifu, na majina ya wazee wawili watatu wa mtaa watakaoulizwa juu yako, manake kuchujwa kupo na wataulizwa kweli, waambie mapema wasishtukizwe. Nenda asubuhi siku ya kazi, mtafute OCS mwenyewe, na yale maswali ya kuumia na matibabu uwe umeyaandika tayari umpe siku hiyo hiyo. Jibu la bosi likitoka lipige picha uweke kwa mkeo pia. Kuhusu zamu ya kwanza, ukifika wakati huo niandikie kwa faragha, nitaongea na wenzetu wa Hindi wakuanzishe na mtu mzima mwenye subira.